Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yanaletwa na nani?

Kwa Mhariri,

KUH: KISANDUKU CHENU CHA HALI YA HEWA HAKINA UPEPO

Salamu zangu kwako mhariri na timu yako yote. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti nalisomea kwa yule muuzaji wa pale stage kabla gari haijajaa, nikiwa na pesa nanunua, nikikosa nasoma vichwa vya habari tu na mwenyewe ashanizoea. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna kitu kinaniuma na hakuna mtu nimeona akikiandikia. Kile kisanduku chenu cha hali ya hewa, kile kidogo cha pembeni, kinasema Nairobi jua na mawingu, juu digrii 26, chini 14, basi, kwisha. Upepo uko wapi? Unatoka wapi unaenda wapi, una nguvu kiasi gani, hakuna. Ni kama mtu akuambie bei ya nyama na asikuambie ni ya kilo au ni ya nusu.

Kazi yangu ni kukodisha tenti na viti. Harusi, matanga, ruracio, mikutano ya siasa wakati wa kura (hao ndio wagumu zaidi kulipa lakini hiyo ni barua ya siku nyingine). Hapa Umoja wananiita Mama Tenti, mtu akipiga simu hata jina langu haulizi, anauliza tu ile ya watu mia ni pesa ngapi. Sasa mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa na kazi ya harusi huko nje ya Kitengela, mahali pako wazi kabisa, nyasi tupu. Asubuhi nimeangalia simu, kuna programu fulani sitaitaja jina, ilikuwa imeweka kajua kadogo kanacheka. Vijana wangu wakasimamisha tenti nne, vigingi wakapiga kwa haraka kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu kama lami, na mimi mwenyewe nikaona haina haja ya kuongeza kamba, si siku ya jua. Saa kumi kasorobo upepo ulikuja mara moja, hata mvua haijaanza, mvua tulikuwa tunaiona kwa mbali upande wa Ngong huko. Tenti ya bibi harusi iliinuka kama kuku amefukuzwa. Keki ya ngazi tatu chini, bomba la chuma likavunja kioo cha gari ya mgeni, na MC bado anaongea kwa maiki ati tulieni wapendwa ni baraka. Hiyo baraka nimeilipa mimi, kioo nililipa kwa awamu mpaka mwezi wa pili.

Nina mtoto wa kakangu anasomea mambo ya hali ya hewa pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Jioni hiyo nikampigia nikiwa na hasira, nikamwambia nyinyi watu mnasoma nini kama hata upepo hamuoni. Akanisikiliza mpaka nikachoka halafu akasema, shangazi, huo upepo ulikuja mbele ya mvua ni hewa baridi inaporomoka kutoka kwa wingu kubwa, ikigonga chini inatawanyika kama maji umemwaga sakafuni, kwa hivyo inakufikia kabla ya tone la kwanza. Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike hii barua. Akasema kwetu sisi wa ikweta upepo ndio kila kitu, na ndio kitu kinapimwa kidogo kuliko vyote.

Nimekaa naye wikendi kadhaa tangu hapo, chai na mandazi, ananieleza na mimi naandika kwa daftari ya madeni. Nitajaribu kueleza venye nilielewa.

Huko Ulaya na kwingine mbali na ikweta, mtu wa utabiri akijua presha ya hewa iko juu wapi na iko chini wapi, na joto liko vipi, anaweza kupiga hesabu akajua upepo unapita wapi hata kama hajaupima. Hii ni kwa sababu ya dunia kuzunguka, ule mzunguko unaukunja upepo na kuushikilia ufuate mistari ya presha. Ni kama matatu yenye ruti, ukijua namba unajua itapita wapi. Lakini ukikaribia ikweta ile nguvu ya kukunja inapungua mpaka inakuwa karibu sufuri, na Nairobi iko digrii 1.3 tu kusini ya ikweta. Hapa upepo ni matatu imeona polisi mbele, inaingia njia za panya. Presha yetu haibadiliki sana hata siku ya mvua kubwa, kwa hivyo hesabu ya Ulaya hapa haikusaidii, lazima upepo wenyewe uende ukaupime. Mimi nilikuwa nadhani shida yetu ni kukosa kompyuta kubwa. Kumbe kompyuta ikikosa upepo wa kuanzia, inaanza na uongo, na uongo ukiuzungusha siku tano unakuwa uongo mkubwa zaidi.

Sasa unaupima namna gani? Njia ya zamani ni baluni. Pale Dagoretti Corner, kwa makao makuu ya idara ya hali ya hewa, wanarusha baluni limefungwa kidude kidogo chini yake, linapanda mpaka kama kilomita 30 hivi likipasuka, na njiani linatuma joto, unyevu, na upepo kila mahali linapopita. Nimepita hiyo Ngong Road maisha yangu yote nikienda kununua fenicha na sikuwahi kujua. Dunia nzima saa za kupima ni zile zile, kwetu zinaangukia saa tisa usiku na saa tisa mchana. Shirika la hali ya hewa la dunia, WMO, linataka nchi ziwe na kituo cha baluni angalau kila kilomita 500 na warushe mara mbili kwa siku. Ukiangalia ramani ya Afrika hizo nukta ni chache, zingine ziko kwa ramani lakini baluni halirushwi, maana kila baluni na kile kidude ni pesa, vikipanda mara nyingi havirudi. Na baharini je? Mvua yetu nyingi inatoka Bahari ya Hindi, na baharini hakuna mtu anakaa na baluni.

Ndio hapo setilaiti zinaingia.

Ya kwanza ni zile zinazokaa mahali pamoja juu ya ikweta, kilomita kama 36,000. Kuna moja ya Ulaya inaitwa Meteosat-9, tangu 2022 iko juu ya bahari mkabala na Somalia, longitudo 45.5 mashariki, kila dakika 15 inapiga picha ya upande wetu wote wa dunia. Kompyuta inachukua picha tatu hivi zikifuatana, inashika wingu moja inaangalia limesonga kutoka wapi hadi wapi, inapiga hesabu ya kasi. Pahali hakuna wingu inafuata mvuke wa maji ambao jicho halioni. Ni kama kujua upepo wa kwa jirani kwa kuangalia nguo zake kwa kamba. Shida yake moja kubwa ni urefu, unajua wingu linaenda mashariki kilomita 40 kwa saa, lakini liko juu kiasi gani? Ukikosea hapo umeupeleka upepo wa gorofa ya kumi kwa gorofa ya tatu.

Ya pili hii ilinifurahisha. Kuna setilaiti zinaitwa Metop, zimebeba rada inaitwa ASCAT, inapiga mawimbi chini baharini inasikiliza yanarudi vipi. Bahari ikiwa na vile viwimbi vidogo vidogo vya upepo inarudisha tofauti na bahari iliyotulia, na kwa kuangalia kutoka pembe tofauti wanajua kasi na hata upepo unaelekea wapi. Wavuvi wa Lamu nadhani wangecheka, hao wanaangalia maji kwa macho tu wanakuambia huu ni kusi au ni kaskazi, na hiyo ndiyo kazi rada inafanya kutoka kilomita mia nane juu. Tatizo ni moja, inaona uso wa bahari peke yake, juu ya hapo haijui.

Ya tatu ndiyo ilimfanya kijana asimame kabisa jikoni kwangu akieleza kwa mikono. Aeolus. Hiyo ni setilaiti ya shirika la anga la Ulaya, ESA, ilirushwa tarehe 22 Agosti 2018 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ndani ilikuwa na leza ya mwanga ambao macho hayaoni, inapiga mara 50 kwa sekunde kuelekea chini, ule mwanga unagonga chembe za hewa na vumbi na matone ya mawingu, kidogo sana kinarudi juu, na darubini ya mita moja na nusu inakishika. Sasa unajua venye honi ya matatu ikikujia inalia nyembamba na ikishakupita inalia nzito? Ni hivyo hivyo kwa mwanga, hewa ikiwa inakuja mwanga unarudi umebadilika kidogo upande mmoja, ikiwa inaenda unabadilika upande ule mwingine. Kwa hiyo tofauti ndogo wanajua kasi ya upepo, na kwa kuhesabu mwanga umechukua muda gani kurudi wanajua ni wa urefu gani. Kutoka chini mpaka kilomita 30, gorofa kwa gorofa! Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti kupima upepo namna hiyo kutoka angani.

Na haikuwa rahisi. Wazo lilipitishwa 1999, walitaka irushwe 2007, ikachelewa miaka 11. Leza ile ilikuwa inachoma vioo vyake yenyewe, maana angani hakuna hewa na uchafu kidogo tu ukikaa kwa kioo unaungua na kuharibu kila kitu. Suluhisho? Walipulizia oksijeni kidogo karibu na vioo. Hapo nilicheka, miaka yote hiyo na dawa ikawa ni pumzi. Na hata ilipofika juu, leza ya kwanza ikaanza kufifia wakahamia ya akiba 2019, halafu wakagundua kioo kikubwa cha darubini kikipata joto sehemu moja zaidi ya nyingine vipimo vinapotoka, wakakaa wakatafuta njia ya kurekebisha. Mwezi wa kwanza 2020 kile kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kikaanza kuitumia kwa utabiri wa kila siku. Miezi miwili baadaye ikaja korona, ndege zikalala viwanjani, na ndege nazo huwa zinapima upepo zikiruka, kwa hivyo hizo ripoti zilipungua sana na Aeolus ikasaidia kuziba pengo.

Sasa mhariri shika hapa. Walipoangalia ni wapi utabiri uliboreka zaidi, tropiki ilikuwa mbele. Sisi! Setilaiti ya Wazungu, imelipwa na Wazungu, na anayepata faida kubwa ni Mama Tenti wa Umoja, kwa sababu ile ile ya njia za panya. Ilikuwa inapima hasa upepo wa mashariki-magharibi, na huo ndio tunaoutaka. Niliuliza mbona sikuwahi kusoma hii mahali, kijana akanijibu shangazi magazeti yenu yaliandika roketi ikiruka, hayakurudi kuuliza ilienda kufanya nini. Sisemi ni nyinyi, lakini mnajijua.

Kwa nini upepo wa mashariki-magharibi? Wengi wetu tunajua mvua inatoka baharini, upande wa Mombasa. Ni kweli, siku nyingi upepo wetu unatoka mashariki. Lakini kuna siku unageuka, unatoka magharibi, kutoka msitu wa Kongo, umebeba unyevu mwingi, na siku hizo zinakuwa na mvua kuliko kawaida. Masika ya 2018, mwaka ule bwawa la Solai lilipasuka, ilinyesha vibaya sana, na watafiti walipofuatilia wakakuta huo upepo wa Kongo una mkono mkubwa. Mwaka uliofuata, Machi 2019, kimbunga Idai kikaenda kupiga Beira, Msumbiji, na huku kwetu masika yakachelewa, wakulima wakabaki wanaangalia juu. Kimbunga kiko mbali huko na mvua ya Kitui inapotea, ni upepo huo. Kwa hivyo anayetaka kukuambia wiki ijayo itanyesha au haitanyesha lazima ajue huko juu ya Kongo na huko juu ya bahari kunavuma nini leo, na Kongo ndiko mabaluni ni machache kabisa.

Tena sio kwamba sisi ni wageni wa huu upepo. Ule mkondo mkubwa wa upepo unaopita pwani yetu na Somalia kuanzia mwezi wa tano, unaoenda kuipelekea India mvua yake, dunia inauita kwa jina la Findlater, mtaalamu aliyeuchora miaka ya 60 kwa kutumia vipimo vya mabaluni vya huku Afrika Mashariki. Na ule wa Turkana unaopita katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ndio umewekewa mitambo 365 ya stima kule Loiyangalani, megawati 310, ndio unawasha balbu ya mtu fulani akisoma hii barua. Huo huo upepo unapita na unyevu unaenda nao, ni sababu moja Turkana ni kavu. Mwaka 2021 watafiti walienda Marsabit kurusha mabaluni kuupima vizuri, kwa sababu hata modeli kubwa za dunia, zile hesabu za kompyuta za utabiri, zinaukosea. (Ukisema pepo Nairobi watu wanadhani mchungaji anakuja kuzikemea. Hizi zingine ni za kupimwa.)

Habari mbaya ni kwamba Aeolus haiko tena. Ilipangiwa miaka mitatu, ikafanya karibu mitano, mafuta yakaisha, na tarehe 28 Julai 2023 ikaongozwa kushuka ikaungua juu ya Antaktika. Ile ya kuirithi, Aeolus-2, inatarajiwa 2034. Hesabu mwenyewe, ni miaka 11 ya pengo, na katikati ya hilo pengo tumepata mafuriko ya 2024, Mathare na Mukuru watu wamelala juu ya mabati, Mai Mahiu maji yamebeba nyumba usiku, halafu Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kikafika mpaka Tanzania karibu na Mafia. Sitasema setilaiti moja ingeokoa hao watu, hiyo ni kuwadanganya waliofiwa. Mto wa Mathare ulihitaji nafasi yake, na onyo linahitaji mtu wa kulipeleka mpaka mlango wa nyumba ya mabati. Lakini onyo la siku tano ni tofauti na onyo la siku mbili, muulize mtu mwenye godoro moja na watoto wanne.

Na pia nisije nikaongeza chumvi kwa tenti yangu. Nilimuuliza kijana, Aeolus ingekuwepo ingeniambia ule upepo wa Kitengela? Akasema hapana shangazi, ule ni mdogo na wa haraka sana, hiyo ni kazi ya rada ya chini na mtu anayeangalia mawingu saa hiyo hiyo. Setilaiti ya upepo ingesaidia modeli kusema siku tatu mbele kwamba Jumamosi hiyo hewa imekaa vibaya, ngurumo za jioni zinawezekana. Nikamwambia hiyo tu inanitosha, ningepiga vigingi mara mbili.

Sisi Kenya tulirusha Taifa-1 mwezi wa nne 2023, nikapiga makofi kama kila mtu. Ile inapiga picha za ardhi, haipimi upepo, na sidhani ni lazima tujenge ya leza ya mamilioni. Kitu tunaweza kufanya ni cha chini na hakina kelele. Baluni lirushwe kila siku bila kukosa, likikosekana mtu aulizwe. Data ya setilaiti inayokuja bure ipate vijana wa kuisoma, wapo, mmoja yuko jikoni kwangu anamaliza mandazi na kazi hana uhakika ataipata. Na mabaluni yetu, huyo kijana anasema, setilaiti zenyewe zinayahitaji, kwa sababu ndiyo zinalinganishwa nayo kujua kama zinasema ukweli. Aeolus pia ililinganishwa na mabaluni. Ukiacha kurusha ati setilaiti zipo, ni kama kutupa mizani kwa sababu umeajiri karani.

Kwa upande wenu ninaomba kitu kimoja tu. Kwa kile kisanduku, ongezeni mstari mmoja wa upepo, unatoka wapi, kilomita ngapi kwa saa, na kama unatarajiwa kugeuka. Idara inatoa hizo habari, sio siri. Tuko wengi tunaokula kwa upepo, wa tenti, wa mabati, wenye mabango ya barabarani, mafundi wa gorofa wanaopanda jukwaa la mbao, wavuvi wa Ziwa Viktoria ndio usiseme. Na mkipata nafasi mtume mwandishi pale Dagoretti Corner akaone baluni likipanda, apige picha, mimi nitainunua hiyo siku, sitasomea kwa stage.

Jumamosi hii nina kazi Ruiru, tenti tatu, viti mia nne, uwanja wa wazi tena. Nimeshaagiza kamba mpya.

Wenu,
Mama Tenti,
Umoja, Nairobi.